Tanzania (asili ya jina)

Tanzania ni jina la nchi lililoundwa kwa uhulutishaji, yaani njia ya kupata neno jipya kwa kukata vipande vya maneno mawili au zaidi na kuviunga pamoja, kama chakula cha jioni kilivyozaa chajio. Vipande vyake ni Tan, kutoka Tanganyika, na Zan, kutoka Zanzibar, vilivyofungwa kwa -ia, tamati ya majina mengi ya nchi yenye umbo la Kilatini, ambayo wengine huihusisha pia na Azania, jina la pwani ya Afrika Mashariki katika maandishi ya kale ya Kiyunani.

Nchi hizo mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, siku nne baada ya Julius Nyerere wa Tanganyika na Abeid Karume wa Zanzibar kutia saini Hati za Muungano mjini Zanzibar, na kwa miezi sita dola mpya iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Wananchi walialikwa kushindana kutunga jina fupi zaidi, na Tanzania likawa jina rasmi kuanzia tarehe 29 Oktoba 1964. Picha maarufu ya Nyerere akichanganya udongo wa pande zote mbili katika chombo kimoja inaonyesha kwa mikono kile ambacho jina hilo linafanya kwa herufi.

Kwa wakazi wa mwambao wa Mwanza, jambo la kuzingatiwa ni kwamba ziwa lililoingia katika jina la nchi, yaani Tanganyika, si lile ambalo vivuko vya Kamanga hulikata kuelekea Sengerema. Mwaka 1858, katika msafara mmoja, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi Februari na kuandika jina Tanganyika kama walivyolisikia huko, lakini mwezi Agosti Speke, akiwa bila Burton, alifika Mwanza na kulipa ziwa la pili jina la Malkia Victoria, ingawa wenyeji walikuwa na neno lao, nyanza, ambalo kwa maelezo ya wengi ndilo lililozaa pia jina la Mwanza. Waingereza walipokabidhiwa eneo lililokuwa la Wajerumani, waliliita Tanganyika mwaka 1920, na hivyo likachukua jina la ziwa ambalo halikuwa limebatizwa upya.

Kwa kawaida uhulutishaji huyaacha maneno mama yakiendelea kutumika, lakini hapa moja limebaki na lingine limetoweka kisheria: Zanzibar ina serikali na Baraza la Wawakilishi vyenye jina lake, ilhali Tanganyika imekuwa Tanzania Bara. Ndiyo maana jina la Tanganyika lilirudi kwa nguvu bungeni mwaka 1993, wabunge wa kundi la G55 walipodai Serikali ya Tanganyika, na likasikika tena baada ya tume ya katiba ya Jaji Joseph Warioba kupendekeza mwaka 2013 muundo wa serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Zanzibar na ya Bara.