Plagi Nyeusi za Gerezani

Jina la Kariakoo lilizaliwa vinywani mwa wenyeji walipolilainisha neno Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali hapo baada ya mji wa Dar es Salaam kutwaliwa mwaka 1916. Na soko lilipofunguliwa mwaka 1923, kuchukua mizigo kukabaki kuwa riziki ya mtaa, kwanza kwa vichwa na mabega, kisha kwa mikokoteni, na hatimaye kwa vyombo vya moto, ambavyo viliwapatia kazi mafundi wa Gerezani, jirani yake.

Katika vyombo hivyo, mwalimu mkubwa wa vijana alikuwa pikipiki ndogo ya mapigo mawili, ya jamii ya Vespa, iliyoanza kuundwa Italia mwaka 1946, na ya Yamaha za njia za matope, DT na AG100, ambazo mabwana shamba walizipanda kwenda vijijini. Injini yake ni sahali: haina vali kama zile za injini ya mapigo manne, na oili inayolainisha vyuma huingia pamoja na petroli, ikaungua pamoja nayo. Lakini oili isiyoungua yote huacha masizi, na masizi yakigandamana penye ncha ya plagi, umeme hupita humo kimyakimya badala ya kuruka mwanya na kutoa cheche. Plagi hujisafisha yenyewe ncha yake ikipata joto la digrii 450 hivi za Selsiasi. Basi kijana aendaye polepole katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi, akisimama kila hatua, huinyima plagi joto hilo, hata chombo kikamzimikia njiani.

Dawa yake ilifundishwa katika gereji bubu, zile zisizo na bango, ambamo kazi ya kwanza ya mwanagenzi aghalabu ilikuwa kufungua plagi. Wala hakuruhusiwa kuisafisha kabla ya kuisoma. Aliishika kwa kitambaa, ingali ya moto, akaielekeza penye mwanga: rangi ya kahawia ilikuwa salama, weusi ulioloa ulishuhudia oili iliyozidi, weusi mkavu, kama masizi ya chungu, ulishitaki petroli nyingi au kichujio cha hewa kilichoziba, na weupe ulionya kuwa injini inaungua kwa joto. Baada ya hukumu hiyo ndipo aliposugua ncha kwa msasa laini, akaosha kwa petroli, akapima mwanya usiozidi sana nusu milimita, kisha akaiegemeza plagi kwenye chuma cha injini na kupiga kiki, akitazamia cheche ya buluu.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, fedha za kigeni zilipoadimika nchini, hata wafanyabiashara waliporuhusiwa mwaka 1984 kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vipuri vilikuwa adimu, na plagi moja ilioshwa mara nyingi kabla ya kutupwa. Dhiki hiyo ndiyo iliyoipa ada ya kusoma heshima yake, kwa kuwa msasa huondoa masizi lakini hauondoi sababu yake; na fundi aliyesafisha bila kupunguza oili, bila kufungua kabureta wala kuosha kichujio, alimrudishia mwenye chombo ugonjwa wake uleule, akamtoza ujira juu yake.

Leo bodaboda zinazojaa Kariakoo ni za mapigo manne, oili yake hukaa mbali na moto, na plagi iliyoloa imekuwa mgeni wa nadra. Hata hivyo, mtazame mwanagenzi wa Gerezani aletewapo pikipiki isiyowaka: kabla hajagusa kabureta huifungua plagi, huishika kwa kitambaa, na kuiinua juani.