Karakana, Posta na Simu: Vijana Walijifunzaje Kazi?

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kila mmoja amekaa mahali anaposikia vizuri.

Leo tunaanza na swali linaloulizwa katika nyumba nyingi za Ndanda, Masasi na Newala korosho zikishauzwa. Mtoto amemaliza shule. Fedha iliyopo ni ya jambo moja tu. Je, aende akakae chuoni ajifunze kazi mbele ya fundi, au abaki nyumbani ajifunze kwa simu? Na baada ya kujifunza, nani atamwonyesha mlango wa kazi? Swali hili lina sura mpya, lakini si geni. Wazee wetu walilikuta kabla yetu. Basi na tuone walivyofanya.

Kwanza, zamani kabisa. Juu ya uwanda wa Makonde, kijana aliyetaka kuchonga au kufua chuma hakuandikishwa popote. Alikaa karibu na baba, mjomba au fundi mwingine. Alibeba kuni, alivukuta moto, alitazama mikono ya mkubwa wake. Siku aliyoweza kazi, watu walikuwa wamekwisha kumjua. Hakuhitaji barua ya kumtambulisha, maana wateja walimwona tangu alipokuwa akikosea.

Pili, karakana. Katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905, misheni za Wabenediktini huko Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa. Mwaka 1906 wamisionari hao walianzisha kituo kipya Ndanda, chini ya uwanda, mahali penye maji ya chemchemi. Miongoni mwao walikuwamo mabruda mafundi, nao vijana wa nchi walijifunza kwao useremala, uashi, uhunzi na hata kazi ya kupiga chapa. Angalieni jambo moja: kazi ilikuwa pale pale. Makanisa, shule na hospitali vilihitaji milango, meza na paa. Mwanagenzi alijifunza kwa kutengeneza kitu kinachotakiwa. Lakini karakana ina mlango mwembamba. Haiwezi kuwapokea wote, na aliye mbali, au mama mwenye mtoto mgongoni, mara nyingi alibaki nje.

Tatu, posta na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Baada ya Uhuru, Serikali iliona kwamba walimu na vyuo havitoshi, lakini sauti inaweza kufika kila kijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 masomo kwa njia ya posta yalianzishwa chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na watu kama milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Je, redio peke yake ndiyo iliyochimba vyoo? Hapana. Watu walisikiliza pamoja, wakasoma kitabu, wakajadiliana na kiongozi wao, kisha wakashika majembe.

Mfano mkubwa zaidi ni wa walimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi iwafikie watoto wote upesi, ifikapo mwaka 1977. Walimu walikuwa wapi? Basi makumi ya maelfu ya vijana, wengi wao waliomaliza darasa la saba, walichukuliwa wajifunze ualimu papo hapo vijijini. Walifundisha darasani, wakasoma vitabu vya posta, wakasikiliza redio, wakasaidiwa na wakufunzi, na mwisho wakakaa chuoni kwa majuma machache. Wako waliolalamika kwamba elimu yao ilikuwa fupi mno, na lalamiko hilo lilikuwa na ukweli. Hata hivyo, bila wao, madarasa mengi yasingekuwa na mwalimu. Nao hawakutafuta kazi baada ya masomo, kwa sababu walisoma wakiwa ndani ya kazi.

Nne, simu. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwaka 2016 VETA na kampuni ya Airtel walizindua VSOMO: mwanafunzi alisoma nadharia kwenye simu, kisha akaenda kituo cha VETA kufanya kwa mikono. Mnaona? Hata simu ilipokuja, haikuifuta karakana. Simu inaweza kukueleza jinsi waya unavyounganishwa, lakini haiwezi kukushika mkono kabla hujagusa waya wenye umeme.

Sasa tukusanye tuliyojifunza. Mafunzo ya mbali yamefungua mlango kwa wengi ambao karakana isingewapokea. Lakini kila mara yalipofaulu, palikuwa na mtu wa karibu: kiongozi wa kikundi, mkufunzi, fundi. Na kazi ilipatikana upesi pale mafunzo yalipofungwa pamoja na kazi yenyewe, si pale palipokuwa na ahadi tu. Kwa hiyo, mzazi, kabla hujatoa fedha ya korosho, uliza: mtoto wangu atashika chombo lini? Nani atamsahihisha? Wale waliomaliza mwaka jana wako wapi leo, na je, naweza kwenda kuwaona? Chuo kisichoweza kujibu swali hili la mwisho, kiwe cha matofali au cha simu, kiogope.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Katika kijiji chenu, mafundi wanaotegemewa walijifunza wapi, na kwa nani?
2. Ni kazi gani inayoweza kusomwa kwa simu, na ni sehemu gani ya kazi hiyo isiyowezekana?
3. Mama asiyeweza kuacha nyumba yake miezi sita asaidiweje kujifunza kazi?

Andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi. Kwaherini mpaka juma lijalo.