Utambuzi wa hitilafu za gia za pikipiki

Utambuzi wa hitilafu za gia za pikipiki ni uchunguzi unaofanywa na fundi au dereva ili kujua kwa nini gia haiingii, haitoki, au inachomoka yenyewe wakati pikipiki inatembea. Lengo lake kuu ni kutofautisha hitilafu za nje, kama waya wa klachi na pedali, na hitilafu za ndani ya giaboksi ambazo hulazimu injini kufunguliwa. Makala hii inahusu hasa injini za aina ya Honda CG125 na nyingine zilizojengwa kwa mfano wake, ambazo ni za kawaida katika Afrika ya Mashariki.

Historia na matumizi

Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza CG125 mwaka 1976. Ilikusudiwa kwa nchi ambako barabara ni mbaya na matengenezo hayafanyiki mara kwa mara, kwa hiyo injini yake ilifanywa kuwa sahili na ngumu. Baadaye viwanda vingi vya China vilitengeneza injini za muundo huohuo, na pikipiki zake zikaenea sana Tanzania kama bodaboda.

Mfano wa mazingira ya kazi yake ni Samunge, katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Kijiji hicho kilijulikana sana mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda kunywa "kikombe cha Babu". Njia ya kutoka Mto wa Mbu hupita Engaruka na Ngaresero, karibu na Ziwa Natron, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Ina mawe, mchanga na vumbi la majivu ya volkeno ya Ol Doinyo Lengai. Mahali kama hapo karakana kubwa ziko mbali, na kufungua injini bila sababu humpotezea dereva siku kadhaa za kipato.

Muundo

Giaboksi ina shafti mbili. Ya kwanza hupokea nguvu kutoka kwenye klachi. Ya pili huipeleka kwenye sproketi ya mbele na mnyororo. Meno ya gia zote hushikana muda wote, lakini katika kila jozi gia moja huzunguka bure juu ya shafti yake. Dereva anapokanyaga pedali, mkono mdogo ndani ya injini huzungusha ngoma ya gia. Mifereji iliyochongwa kwenye ngoma husogeza uma, nao uma husukuma gia moja mpaka meno yake ya ubavuni yaingie katika gia jirani na kuifunga kwenye shafti. Mkono mwingine wenye springi hubana ngoma isihame mahali pake.

Klachi hufanya kazi ndani ya oili ileile ya injini, ambayo ni takriban lita 1. Ndiyo maana oili mbaya huharibu klachi na gia kwa pamoja.

Dalili na visababishi

* Gia huingia kwa shida au kwa kelele injini ikiwaka, lakini huingia vizuri injini ikizimwa: klachi haiachii kikamilifu. Mara nyingi waya umelegea, umekatika nyuzi au umejaa vumbi. Dalili nyingine ni pikipiki kutaka kuondoka ingawa leva imebanwa, na nyutro kutopatikana wakati wa kusimama.
* Pedali hairudi mahali pake: pedali imepinda baada ya kuanguka na inagusa kasha la injini, shafti ya pedali imepinda, au springi ya kurudishia imekatika.
* Pedali hucheza bila kubadili gia: bolti yake imelegea au meno yanayoishika kwenye shafti yamelika. Ikiwa pedali imeshika vizuri, tatizo liko kwenye mkono wa kusukuma ngoma.
* Gia moja tu huchomoka injini ikivuta mzigo: meno ya ubavuni ya gia hiyo yamelika, au uma wake umepinda.
* Gia zozote huchomoka: springi ya mkono unaobana ngoma imechoka au imekatika.
* Gia imeingia lakini pikipiki haiendi: mnyororo umetoka, sproketi ya mbele imelika katikati, au klachi inateleza.
* Taa ya nyutro haiwaki ingawa gurudumu linazunguka bure: kwa kawaida ni swichi, waya au bulbu.

Mlio mmoja wa kugonga wakati wa kuingiza gia ya kwanza injini ikiwa baridi si hitilafu.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi huanzia nje kwenda ndani. Kwanza hupimwa mchezo wa leva ya klachi, ambao kwa kawaida ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake. Kisha hukaguliwa pedali, bolti yake na mnyororo.

Pili, pikipiki husimamishwa kwa stendi ya kati injini ikiwa imezimwa. Gurudumu la nyuma huzungushwa kwa mkono huku gia zikiingizwa moja baada ya nyingine na kuhesabiwa. Zote zikiingia, klachi hushukiwa kabla ya giaboksi. Gurudumu lisipozungushwa, gia nzima pia inaweza kukataa kuingia kwa sababu meno hayajaelekeana.

Tatu, oili humwagwa katika chombo safi. Ungaunga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya meno huonyesha kuwa giaboksi imevunjika. Oili nyeupe kama maziwa ina maji. Oili inayofaa klachi ya aina hii ni ya pikipiki yenye alama ya JASO MA; baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Hitilafu ikibaki, hufunguliwa kasha la upande wa kulia na kutolewa klachi. Hapo huonekana mkono wa kusukuma ngoma na springi zake. Uma na gia zenyewe hufikiwa kwa kushusha injini na kuigawa sehemu mbili, kwa hiyo kazi hiyo huwa ya mwisho.

Usalama na kinga

Gia inayochomoka ni hatari hasa kwenye mteremko, kwa sababu injini huacha kusaidia kupunguza mwendo na kazi yote hubaki kwa breki. Pikipiki ya namna hiyo haifai kubeba abiria kabla ya kutengenezwa. Giaboksi hudumu zaidi oili ikibadilishwa kwa wakati, waya wa klachi ukilainishwa, na dereva akiepuka kupachika mguu juu ya pedali au kubadili gia bila klachi.

Tazama pia

* Bodaboda
* Injini
* Pikipiki
* Samunge