Uimbaji wa waumini wote

Uimbaji wa waumini wote ni desturi ya Kikristo ambamo sehemu za ibada huimbwa na watu wote waliohudhuria, si na kasisi au kwaya peke yake. Anayeshiriki haulizwi kama ana sauti nzuri wala kama anaweza kusoma nota. Makala hii inahusu hasa desturi hiyo katika Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ambako ililetwa na wamisionari wa Kianglikana tangu mwaka 1876.

== Asili ==

Wakristo wa kwanza walirithi Zaburi kutoka ibada ya Wayahudi. Zaburi ya 100 inaalika dunia yote kumshangilia Mungu, bila kutaja ubora wa sauti. Hata hivyo, katika karne ya 4 Mtaguso wa Laodikea ulielekeza, katika kanuni yake ya 15, kwamba kanisani waimbe waimbaji walioteuliwa tu. Katika Ulaya ya Magharibi kuimba liturujia kulibaki kwa muda mrefu kazi ya makleri na watawa, kwa lugha ya Kilatini.

Martin Luther alirudisha nyimbo kwa watu wote alipotoa vitabu vya nyimbo kwa Kijerumani mwaka 1524. Mwaka 1761 John Wesley aliandika maelekezo ya kuimba: kila mtu aimbe, ila asipaze sauti kupita wenzake. Katika Kanisa Katoliki, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, iliagiza waumini washiriki kwa kuitikia, kwa zaburi na kwa nyimbo.

== Masasi na Newala ==

Masasi iko kati ya vilima vya mawe, magharibi mwa uwanda wa juu wa Makonde. Newala iko juu ya uwanda huo, kwenye ukingo unaotazama bonde la mto Ruvuma. Wakazi wengi ni Wamakonde, Wamakua na Wayao.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi kutoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Watu hao walikuwa wa asili mbalimbali, hivyo Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja ya sala. Baada ya uvamizi wa Wamagwangara mwaka 1882, Chauncy Maples alihamishia sehemu ya kazi ya misheni Newala. Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani huko Unguja, alipewa upadri mwaka 1890 na kuhudumu Chitangali, kati ya Wayao. Dayosisi ya Masasi ilianzishwa mwaka 1926.

UMCA ilifuata liturujia inayokaribiana na ile ya Kikatoliki, na hadi leo Waanglikana wa huko huiita ibada yao kuu Misa. Wakatoliki wenyewe wana kituo chao kikubwa Ndanda, katika Wilaya ya Masasi, kilichoanzishwa na Wabenedikto mwaka 1906.

== Namna ya kushiriki ==

Misa ya kuimbwa ina sehemu za watu za aina tatu:

* Majibu mafupi, ambayo waumini humjibu kasisi. Huwa na sauti chache na hukaririwa kila juma.
* Sehemu zisizobadilika: Utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo.
* Nyimbo za kuingia, za sadaka, za komunyo na za kutoka.

Aina mbili za kwanza hujifunzwa kwa kusikia, tangu utotoni, na hazihitaji kitabu. Nyimbo zenye kiitikio nazo humsaidia asiyejua kusoma: mwimbishaji hutoa ubeti, wengine huitikia maneno yale yale. Mpango huu wa kuongoza na kuitikia ni wa kawaida pia katika nyimbo za ngoma, za kazi na za jando za kusini, kwa hiyo haukuwa mgeni. Mtu asiyeweza kufuata lahani bado ana kazi: makofi, vigelegele, kayamba na mwendo wa kucheza wakati wa kupeleka sadaka.

== Lugha na lahani ==

Nyimbo nyingi za vitabuni zilitafsiriwa zikabaki na lahani za Ulaya. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini mistari mingi ya nyimbo za Kiingereza huishia kwenye pigo zito. Hivyo neno kama "mwokozi" huweza kuimbwa kwa mkazo kwenye "zi". Kwa Kimakonde na Kiyao tatizo huwa kubwa zaidi, maana ni lugha za toni, na lahani isiyofuata toni huvuruga matamshi. Anayeshindwa kuimba wimbo wa namna hii si lazima awe na sauti mbaya. Huenda wimbo wenyewe haujakaa kwenye lugha.

Padre Stephen Mbunga, mtunzi wa Kikatoliki kutoka kusini mwa Tanzania, alitoa mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson alikusanya nyimbo zenye lahani za Kiafrika katika kitabu *Tumshangilie Mungu*.

== Kwaya na waumini ==

Kwaya za Tanzania kwa kawaida huimba sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Wengi hujifunza kwa solfa, mfumo ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19. Kwaya hushikilia mwendo na kuwafundisha waumini nyimbo mpya.

Kwaya hiyo hiyo inaweza pia kuwanyamazisha. Ikiimba wimbo mpya kila Jumapili, au wimbo wa sauti nne usio na kiitikio, waumini hubaki wasikilizaji. Wanaoathirika kwanza ni wazee, waliozoea nyimbo za zamani, na wale walioambiwa tangu utotoni kwamba hawajui kuimba. Njia za kuepuka hali hiyo ni kuwaachia watu wote sehemu zisizobadilika, kufundisha kiitikio kabla ya ibada, na kuanza wimbo kwa sauti isiyo juu mno.

== Uwezo wa kuimba ==

Ulemavu wa kuzaliwa wa kutotambua lahani upo, lakini ni nadra: makadirio ya watafiti ni kati ya watu 1.5 na 4 kwa kila 100. Wengine wengi wanaojiona hawawezi husikia lahani vizuri, ila hawajazoea kuielekeza sauti yao ifuate kile wanachosikia. Uwezo huo huongezeka kwa mazoezi, na kuimba kila juma katikati ya wenzao ni mojawapo ya njia za kuupata.