Koti la mvua linaloingiza maji: limekufa ao limechafuka tu?

Mvua inaporudi mwezi wa 9 huko Kivu, motari wa Goma, muuguzi anayepanda milima ya Lubero kwa miguu na mkulima wa Masisi wanatafuta kitu kimoja: koti lisiloingiza maji. Sokoni mengi ni ya mitumba. Mtu anatoa franka zake, mvua ya kwanza inanyesha, mabega yanalowa, na anasema ameibiwa. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine koti bado ni zima, limechafuka tu. Kuna namna ya kutofautisha.

Aina mbili za koti

Koti la plastiki linafunga maji kabisa, lakini linafunga na jasho. Anayebeba mzigo ndani yake analowa kwa jasho lake mwenyewe. Hata hivyo, kwa mtu anayekaa tu juu ya moto, koti hilo la bei ndogo linaweza kutosha.

Aina ya pili ni koti linalopumua. Linajulikana sana kwa jina la Gore-Tex, ingawa kampuni nyingi zinatengeneza la namna hiyo. Mwaka 1969, Mmarekani Bob Gore alivuta kwa nguvu kipande cha teflon, kitu kile kinachopakwa kwenye sufuria zisizoshika chakula, akapata utando mwembamba wenye matundu madogo sana. Tone la maji haliwezi kupita humo, lakini mvuke wa jasho unapita. Makoti ya bei ndogo zaidi yanatumia utando ao rangi ya poliuretani, iliyopakwa upande wa ndani.

Kwa hiyo koti moja lina sehemu tatu za kuangalia: kitambaa cha nje cha nailoni ao poliesta chenye dawa ya kufukuza maji, utando unaozuia maji, na utepe uliobandikwa ndani juu ya mishono. Sehemu hizi hazichoki kwa wakati mmoja.

Dawa ya nje ndiyo inatangulia kuchoka

Koti likiwa jipya, maji yanasimama juu yake sawa vile juu ya jani la muhogo, kisha yanateremka. Hiyo ni kazi ya dawa ya nje. Inaisha pole pole mahali panaposuguliwa: mabegani chini ya mikanda ya begi, kwenye mikono, na mahali pa kukalia. Mafuta ya mwili, vumbi, moshi wa jikoni na mabaki ya sabuni pia yanaifunika.

Dawa ikiisha, kitambaa cha nje kinakunywa maji na kuwa kizito na baridi. Utando ulio chini yake unaweza kuwa bado unazuia mvua, lakini mvuke wa jasho hauna tena njia ya kutoka. Unageuka maji ndani ya koti. Mwenyewe anaguswa na ule ubaridi, anaona shati limelowa, anasema koti linavuja. Kumbe ni jasho lake. Koti la namna hiyo linaweza kurudishwa.

Kile kisichorudi

Poliuretani ina adui wake: joto pamoja na unyevu. Koti lililokunjwa miaka likiwa na unyevunyevu linaanza kuoza kwa ndani, hata kama halijavaliwa. Dalili zake ni unga ao maganda meupe yanayotoka ndani, kitambaa kinachonata kwenye vidole, na harufu ya uchachu isiyotoka hata baada ya kufua. Hapo koti limekufa. Hakuna sabuni wala dawa ya kupuliza itakayolifufua.

Utepe wa mishono ukiachia sehemu ndogo, unaweza kubandikwa tena kwa gundi. Ukiachia koti nzima, ni dalili ya uzee.

Kupima kabla ya kulipa

Geuza koti ndani-nje na uangalie kofia, kwapa na kola, mahali jasho linapokaa. Pitisha kidole juu ya mishono yote. Sugua kitambaa kwa kitambaa uone kama maganda yanatoka. Nusa. Muuzaji akikubali, tengeneza shimo dogo kwa kitambaa sawa vile kikombe, mwaga maji kidogo ndani kutoka upande wa nje, na ungoje dakika tano. Kitambaa kikilowa juu lakini chini kikabaki kikavu, utando ni mzima. Matone yakitokea chini, acha koti hilo, ao ulipe bei ya koti la baridi tu.

Kulirudisha lile lililochafuka

Wengi wanaogopa kufua koti la mvua. Kukosa kufua ndiko kunaliharibu zaidi. Funga zipu, fua kwa mkono katika maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya maji, kisha suuza mara nyingi mpaka povu liishe kabisa. Usitumie javeli wala dawa ya kulainisha nguo, na usilikamue kwa kulipindapinda. Anika kivulini.

Likikauka, weka kitambaa chepesi juu yake na upitishe pasi yenye joto kidogo, bila mvuke. Joto hilo linaamsha dawa iliyobaki. Anayetumia pasi ya makala aijaribu kwanza kwenye pindo, juu ya nailoni inayeyuka haraka. Mwagia maji: yakisimama kwa matone, kazi imeisha. Yakinywewa, inabaki kupuliza dawa mpya, upande wa nje peke yake.

Makosa ya kila siku

Kukausha koti juu ya mbabula kunakunja kitambaa na kuachisha utepe. Kutoa doa kwa petroli kunaharibu gundi. Kupaka mshumaa kunaweza kuzuia maji kidogo, lakini kunaziba njia ya jasho. Na fundi akishona kiraka kwa sindano, kila tundu ni mlango wa maji, isipokuwa mshono upakwe gundi ndani.

Juu ya dawa mpya

Kwa miaka mingi dawa ya nje ilitengenezwa kwa kemikali zenye florini ambazo haziozi kwenye maji na udongo. Ufaransa imekataza nguo za kawaida zenye kemikali hizo tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2026. Dawa zisizo na florini zinafukuza maji, lakini hazizuii mafuta vizuri, kwa hiyo zinachafuka mbio. Kadiri makoti hayo yanavyofika sokoni kama mitumba, wanunuzi wa hapa watalazimika kuyafua mara nyingi zaidi.

Mvua ikiisha, fua koti, likauke kabisa, kisha ulitundike mahali penye hewa. Likikunjwa bichi ndani ya begi mpaka mwezi wa 9 mwingine, litaanza kuoza humo humo.