Kipimo cha tangi la maji kinavyofika mtandaoni

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, hutegemea maji yanayosukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi. Fundi anaweza kujua kina cha maji bila kupanda ngazi: kihisi kinapima, na kompyuta ndogo inatuma kipimo kwenye wingu, yaani seva za mbali, kwa mstari mmoja wa amri.

Amri moja ya kazi hiyo ni mosquitto_pub. Inatumia itifaki ya MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa mabomba ya mafuta yaliyofuatiliwa kwa setilaiti ghali. Ndiyo maana haili data nyingi.

Shida huja mtandao unapokatika. Ongeza -q 1 ili seva ithibitishe kupokea. Amri ikifaulu hurudisha sifuri. Kabla ya hapo, kipimo kisifutwe kwenye diski. Tena kila kipimo kibebe saa kilipochukuliwa. Vinginevyo, vipimo vya usiku vikifika kwa mkupuo, tangi lililokauka saa nane usiku litaonekana limekauka saa mbili asubuhi, ndoo zikiwa tayari kwenye foleni.