Uduvi
Nomino. Kamba wadogo sana wa baharini, waishio kwa makundi karibu na pwani.

Matumizi: Katika pwani ya Tanga na kwingineko, wanawake huvua uduvi kwa kutanda: huingia maji mafupi, wakashika pembe za kitambaa au chandarua na kukikokota kuelekea ufukweni. Uduvi ukianikwa juani huwa kitoweo cha akiba. Usichanganywe na dagaa, ambao ni samaki.

Katika sayansi: Zooplanktoni ni jina pana zaidi, la wanyama wanaochukuliwa na mikondo ya bahari, wakiwemo mabuu ya kaa na ya samaki. Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi (1959–1965) uliwakusanya kwa wavu wa kipimo kimoja, wenye matundu ya milimita 0.33, uliovutwa wima kutoka mita 200 hadi juu.

Tahadhari: Krili wa Antaktiki, afikaye sentimita 6, hufanana na uduvi lakini ni wa oda nyingine. Mfasiri akiandika “uduvi wa Antaktiki”, msomaji wa Tanga hupata picha ya karibu, ila hesabu ya mtafiti huharibika. Aandike krili, kisha amfafanue kwa kumlinganisha na uduvi.